Mkwe wa Dirishani

Siku zile mtu wa daraja la tatu hakupanda gari la moshi, aliliteka. Milango ya behewa ilikuwa miembamba, na watu wa kwenda kwao Desemba walikuwa wengi kama kumbikumbi baada ya mvua, kila mmoja na godoro lake, baiskeli yake, kuku wake, na ukoo mzima uliokuja kumsindikiza na kumzibia njia. Kwa hiyo mwenye akili aliwaachia wajinga mlango, akaenda dirishani.

Lazarus alikuwa nazo akili hizo. Gari lilipokuwa bado linarudi nyuma taratibu kuingia stesheni ya Nairobi, alikwisha kuitupa kofia yake ndani, ukafuata mguu, kikafuata kiwiliwili. Sanduku lake la bati lilisukumwa nyuma yake na Mkamba mmoja asiyemjua, ambaye naye alinyoosha mikono akavutwa ndani kama gunia. Hivyo ndivyo Lazarus alivyofahamiana na Musembi. Watu wakishikana kwapa hujuana upesi.

"Ndugu, umekalia kofia yangu," Lazarus alimwambia.

"Hii ni kofia? Mimi nilifikiri ni mto wa daraja la kwanza umepotea njia."

Wakacheka mpaka benchi likatikisika. Nani asingecheka? Walikuwa na kiti! Benchi la mbao tupu, gumu kama moyo wa mnyapara, lakini kiti ni kiti, na safari ilikuwa ya usiku kucha na nusu ya mchana wa pili.

Lazarus alikuwa na sababu ya kucheka kuliko wote. Alikuwa mpaka rangi. Yale majumba meupe ya Muthangari, na yale mengine kule Loresho katikati ya mikahawa, mengi aliyapaka yeye. Na kila alipomaliza kulipaka moja aliambiwa kuanzia siku ile apitie mlango wa nyuma. Kucha zake hazikutoka rangi ya kijani ya madirisha hata alipozisugua kwa mchanga. Ila safari hii hakuzisugua kwa ajili ya tajiri. Jumamosi alikuwa anaoa. Anamwoa Nanjala, aliyekuwa yaya Loresho, ambaye sasa alikuwa kwao upande wa Bungoma akingoja siku ifike.

Na siku hiyo ilikuwa imening'inia kwa uzi. Wajomba wa Nanjala walikuwa wamepata habari kwamba Lazarus ana mdomo. Walisikia jinsi alivyowafanya wapaka rangi wenzake waweke brashi chini, kazi nzima ikalala, kwa sababu ya ngazi mbovu iliyomvunja mtu mguu. Wajomba hawakupenda. "Huyo ni mtu wa kelele," walisema. "Tumekubali kwa sababu binti amelia. Lakini aibu moja tu ikitokea kabla ya kanisa, moja tu, msichana anabaki nyumbani. Yuko mwalimu wa misheni anayemtaka, na huyo hupiga kelele siku ya Jumapili peke yake, tena kwa zaburi."

Basi Lazarus alikuwa amejiapiza: safari hii nitakuwa maji mtungini.

"Ndugu! Wewe wa dirishani! Nisaidie mama!"

Chini, kwenye zogo, kijana mmoja aliyevaa sare ya hospitali alikuwa amemkumbatia mama wa makamo mwenye gauni la maua, jicho moja limefungwa bandeji, na alikuwa akijaribu kumwinua kama mtu anayeinua kabati. "Ni mama yangu mdogo! Ametoka kutibiwa jicho! Mlangoni watamkanyaga!"

Lazarus hakuuliza mara mbili. Aliinama nje, akamkamata mama kiunoni kwa mikono miwili, akavuta. Mama akaingia mpaka tumboni, akakwama. Nusu yake ilikuwa safarini na nusu ilikuwa bado Nairobi. Filimbi ikalia. Watu wakapiga ukelele.

"Vuta, bwana!" Musembi alipaza sauti, akamshika Lazarus mshipi. "Gari likiondoka tutafika na kipande!"

"Sukuma huko chini!"

"Nasukuma! Mama, vuta tumbo!"

"Nilivute niliweke wapi?" alijibu mama.

Musembi akamvuta Lazarus, Lazarus akamvuta mama, kijana akasukuma kwa bega, na mara mama akachomoka kama kizibo cha chupa. Wote wakaanguka sakafuni, mama juu ya kifua cha Lazarus, na kuku wa mama mmoja Mjaluo aitwaye Peres, aliyekuwa akienda kwa mumewe Nakuru, akaruka juu ya wote akipiga yowe kana kwamba ndiye aliyeumia. Mama aliketi, akajipangusa, akacheka kicheko kinene cha mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mungu akubariki, mwanangu. Hata baba yao watoto wangu hajapata kunibeba hivi."

Behewa zima likaangua kicheko. Gari likavuta pumzi, likajikokota, likaondoka, likamwacha kijana wa hospitali akipunga mkono.

Msomaji ambaye hajapanda daraja la tatu la wakati ule na ajue: mabenchi yalitazamana, na nafasi kati yake ilipimwa na mtu aliyedhani Mwafrika hana magoti. Uliyekaa mbele yake, magoti yenu yaliingiana kama meno ya msumeno. Mama aliwekwa dirishani, Lazarus akakaa mbele yake, goti kwa goti. Choo kilikuwa kimoja, na ndani yake kulikuwa na baiskeli. Maji hayakuwapo. Njia ilipopinda karibu na Kibera waliliona behewa la daraja la pili likimetameta huko mbele. Lilikuwa na mapazia na mito ya buluu, na chumba kimoja kilikuwa kitupu kabisa, kimefungwa kwa ufunguo, kikisafirisha hewa.

"Hewa ya daraja la pili imekata tiketi," alisema Lazarus. Kisha akakumbuka kiapo chake, akauma ulimi.

Lakini furaha ikimjaa mtu humtokea mdomoni. Alifungua kikapu chake, akatoa mkate na mayai ya kuchemsha, akamenya la kwanza akampa mama.

"Kula, mama. Mulembe," alimsalimu kwa lugha ya kwao, maana alikwisha kuisikia lafudhi yake.

"Mulembe, mwanangu. Kumbe wewe ni wa kwetu." Mama akalipokea yai, akaligawa, nusu akamrudishia. Wakala pamoja, chumvi ya karatasi moja. "Unakwenda kula Krismasi?"

"Krismasi ni ya watu wote. Mimi nakwenda kuoa!"

Benchi zima likampongeza. Peres akapiga kigelegele, kuku wake akaitikia.

"Wakwe zako ni watu wazuri?" aliuliza mama.

"Baba mkwe ni mtu wa heri. Wajomba ndio shida. Na mama mkwe..." Lazarus akainamisha kichwa karibu, akacheka. "Mama, huyo mama mkwe nasikia ni moto. Nasikia akikohoa, ng'ombe wa jirani wanarudi zizini wenyewe. Nasikia mumewe akitaka kunywa pombe hungojea mpaka mvua inyeshe ndipo aufungue mlango, ili asisikike."

Musembi alijipiga paja. Mama alitafuna polepole.

"Umemwona?"

"Nimwone wapi? Nilipokwenda na baba zangu kuposa alikuwa jikoni, mimi nikafichwa nyuma ya ghala kama mwizi. Heshima, mama, unajua mambo yetu. Mpaka leo hata kivuli chake sikijui."

"Na huyo msichana ni wa nani?"

"Wa Mzee Simiyu, kule Kanduyi. Nanjala."

Mama akaacha kutafuna. Jicho lake moja lililokuwa wazi likamtazama Lazarus kwa muda ambao ungetosha kusoma barua. Kisha akaishika leso yake kwa mikono miwili, akaivuta kichwani, ikashuka, ikafunika uso wote, bandeji na yote, na kutoka ndani yake ikatoka sauti ndogo isiyofanana kabisa na kile kicheko.

"Uwi, Milcah mimi! Mwambieni huyo kijana ageuke. Mwambieni mimi ndiye niliyemzaa Nanjala."

Watu wa kule kwao hawahitaji kuelezwa zaidi, lakini wengine na waelezwe. Mkwe hamwangalii mama mkwe usoni. Hamshiki mkono, hali mbele yake, haketi alipoketi. Wakikutana njiani mmoja hujitupa kichakani. Si chuki hiyo, ni heshima kubwa kuliko salamu. Na Lazarus alikuwa amemshika kiunoni, amembeba kifuani, amekula naye yai moja, na goti lake lilikuwa mpaka dakika ile kati ya magoti yake.

Alisimama kwa nguvu mpaka kichwa kikagonga rafu ya mizigo. Akaweka mguu dirishani.

"Unakwenda wapi?" Musembi alimdaka mshipi. "Gari linakimbia!"

"Niache nianguke! Nimemshika mama mkwe!"

"Hata kwetu Ukambani mkwe hupisha njia," alisema Musembi, "lakini hatumpishi kwa kuvunjika shingo. Kaa chini."

"Nikae wapi? Nikae wapi, Musembi, na magoti yamejaa humu!"

Peres alielewa upesi kuliko wote, maana kwao nako ni hivyo hivyo. Alitoa shuka lake, akalifunga huku kwenye rafu na huku kwenye mpini wa dirisha, likawa pazia kati ya Lazarus na mama. Gari likayumba, pazia likaanguka, likamfunika Lazarus mzima. Wakalifunga tena. Likaanguka tena, safari hii likamfunika Milcah. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu nyuma ya shuka walimsikia mama analia.

"Nitawaambia nini wajomba?" alimwuliza Peres. "Nina ulimi mmoja tu, sijui kudanganya. Wakijua, watasema ndoa imeharibika kabla ya kufungwa. Na kijana... kijana ana mkono mwema."

Lazarus aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama juu ya sanduku lake, uso ameugeuzia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Jumamosi yake yote, kanisa, Nanjala akiwa amevaa nguo nyeupe, vyote alivinyakua mwenyewe kwa mikono yake miwili akavitupa nje dirishani.

Musembi akainuka, akapanda juu ya benchi.

"Sikilizeni! Nani ameona kitu humu? Mimi sikuona. Hao wenye reli wametufungasha kama mizigo, si ndiyo? Basi sisi ni mizigo. Tangu lini gunia likawa na mama mkwe? Gunia likiangukia gunia, nani anatoa faini? Hatukuona!"

"Hatukuona!" behewa likaitikia kwa furaha. "Mzigo hauna mkwe!"

"Mama umesikia? Hakuna aliyeona. Lazarus, sema hukumshika mtu, ulishika mzigo, tumalize, tule mayai."

Wote wakamtazama. Lilikuwa neno dogo sana. Angelitamka, na Jumamosi yake ingerudi ikiwa nzima. Aliufungua mdomo.

"Hapana," alisema.

"Ati nini?"

"Hapana, Musembi." Alikuwa bado ameuelekea ukuta, lakini sauti yake sasa ilikuwa ile iliyowafanya watu waweke brashi chini. "Ngazi ilipomvunja mwenzangu mguu, mnyapara aliniambia hivyo hivyo. Sema hukuona, na kesho kazi ipo. Nikasema nimeona. Nimekaa miaka nikipiga kelele mji huu kwamba mimi ni mtu. Leo nikiwa na haja, nijifanye gunia? Na mama wa watu nimfanye gunia? Huyu ni mama mkwe wangu. Nilimshika. Mwenyewe nitasimama mbele ya wajomba niseme. Wakininyima mke, wameninyima. Lakini sitaendelea kumkosea hata maili moja zaidi. Nashuka Dagoretti."

"Gari la kesho limejaa, bwana! Hutafika Jumamosi!"

"Najua."

Nyuma ya shuka kilio kilikoma.

Dagoretti gari lilisimama muda mrefu, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile ya hali ya hatari. Askari walipita behewa kwa behewa wakiwashusha Wakikuyu waonyeshe pasi, wazee kwa vijana, wakapangwa mstari, mikono juu ya kichwa, katika nchi ya baba zao. Lazarus alitoka na sanduku lake dirishani. Alijaribu behewa la nyuma, mguu wa mtu ukamrudisha. Akajaribu la mbele yake, nalo limejaa mpaka ngazini. Akasimama mbele ya daraja la pili, akakitazama kile chumba kitupu, na mito yake ya buluu ikamtazama.

"Wewe! Toka hapo!" Alikuwa gadi, Mzungu mwenye shingo nyekundu, bendera kwapani. "Panda gari au bakia!"

"Siwezi kupanda, bwana. Mama mkwe wangu yumo."

"Nini?"

"Mama mkwe wangu yumo."

Gadi aliishika filimbi akaipeleka mdomoni. Ndipo leso iliyofunika kichwa kizima ilipochomoza kutoka dirisha la daraja la tatu.

"Gadi! Usipige! Gari halitoki! Mkwe wangu yuko chini!"

Kila mtu alilisikia neno hilo. Hakusema kijana, hakusema mtu yule. Mbele ya behewa zima na askari na Mungu wake, Milcah alisema mkwe wangu.

"Basi mwambie apande!" gadi alifoka.

"Apande akae na mimi? Wewe kwenu huna adabu? Nitafutie pengine!"

"Hakuna pengine!"

Musembi naye akatoa kichwa, na furaha ya uchokozi ilikuwa imemjaa usoni. "Bwana gadi! Kila siku mnatutenga. Choo chenu, mlango wenu, benchi lenu, gari lenu. Leo na sisi tuna watu wawili wa kutengwa, tena kwa heshima, na chumba kile pale kimelala bure. Lete ufunguo!"

"Ufunguo!" alipaza sauti Peres, akagonga sufuria kwa kijiko.

"Ufunguo! Ufunguo!" Behewa lote likaanza, na la nyuma yake likaitikia bila kujua sababu, na watu wakapiga mabati ya masanduku, na vijiko, na viganja kwenye ubao wa gari, mpaka vioo vikatetemeka. Askari mmoja akageuza bunduki. Zogo likasita, lakini halikufa. Mwaka ule watu walikuwa wamepigiwa kelele nyingi. Kuzipiga zao, mchana kweupe, kwa ajili ya mama mmoja, kuliwapanda kichwani kama pombe.

Stesheni masta alitoka ofisini na kikombe chake cha chai. Alikuwa Mhindi mzee mwenye miwani. Akauliza kuna nini, Lazarus akamweleza kwa maneno machache, kwa heshima, bila kuficha dirisha wala yai. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Midomo ikamchezacheza.

"Mama yangu," alisema, "alijifunika uso mbele ya baba mkwe wake mpaka siku maiti ya mzee ilipochomwa moto. Hakuwahi kuiona pua yake." Akamgeukia gadi. "Chumba hiki hakina abiria mpaka Nakuru. Baada ya hapo mtaona wenyewe."

"Kanuni..." alianza gadi.

"Kanuni inasema gari lisicheleweshwe. Wewe unalichelewesha kwa sababu ya mama mkwe. Utaandika nini kwenye ripoti?"

Gadi aliirudisha filimbi mfukoni. Mzee akatoa ufunguo. Mlango wa daraja la pili ulipofunguka, sauti iliyotoka daraja la tatu iliwainua kunguru kutoka mabati ya stesheni.

"Mama peke yake!" gadi alipiga kelele. Lakini Milcah alikuwa anashushwa mlangoni, safari hii kwa mikono ya wanawake, na Peres nyuma yake na kuku, na nyuma ya Peres mama mwenye mtoto mgongoni, na mwingine mwenye mimba, na mwingine ambaye hakuwa na sababu yoyote isipokuwa miguu kuvimba. Wakavuka changarawe wakimfuata Milcah kama vifaranga. Nani angewazuia?

Lazarus aliugeuza uso upesi. Akaelekea uzio wa stesheni, akatazama juu kule Waithaka, ambako watu walikuwa wamekusanywa kijijini nyuma ya handaki na miti iliyochongwa. Hakuona kitu. Alisikiliza tu hatua zinavyokuja nyuma ya mgongo wake, nzito, zisizo na haraka. Zikafika sawa naye. Zikasimama.

"Peres," ilisema sauti ya Milcah.

"Naam, mama."

"Mwambie mkwe wangu hao wajomba aniachie mimi. Nitawaambia kila kitu, na dirisha nitawaambia. Nitawaambia nilikuwa natafuta mtu mwenye adabu, nikampata kabla hawajaniletea mwalimu. Mbuzi wa kosa atatoa, tena dume. Halafu yeye asimame kanisani Jumamosi, amwangalie Nanjala, asiniangalie mimi."

"Amesikia, mama."

"Hajasikia. Wewe mwambie."

Peres akaja mpaka kwenye bega la Lazarus, akamweleza neno kwa neno, kwa taratibu, kana kwamba ametumwa kutoka mbali. Lazarus akainamisha kichwa, akamjibu kwa sauti ya chini, uso bado kwenye uzio.

"Mwambie mama mkwe asante. Mwambie mbuzi atakuja na kamba mpya."

Alipanda kupitia mlangoni. Musembi alikuwa amemwekea nafasi ya dirisha, na mbele yake, pale Milcah alipokuwa, palikuwa patupu kiasi cha kunyoosha miguu. Hakuinyoosha. Wakikuyu waliokuwa wamepangwa mstari wakaruhusiwa kurudi, wale walioruhusiwa, na kwa wale wasiorudi mabegi yao yakateremshwa na jirani. Bendera ikapepea. Gari likajikaza, likaanza kupanda kilima cha Kikuyu.

Halijafika mbali wimbo ulipoanza huko mbele kwenye daraja la pili, wimbo wa kumtoa bibi harusi nyumbani, na anayeuongoza alikuwa na sauti nene ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Wanawake wa mito ya buluu wakaupokea. Upepo ukauleta mpaka kwenye madirisha ya daraja la tatu, na behewa zima likaitikia, Wajaluo na Wakamba na wote wasiojua maneno, wakigonga mbao kwa visigino.

"Imba, bwana harusi!" Musembi alimpiga bega.

"Niimbe vipi, na mama mkwe ndiye anayeimbisha?" alisema Lazarus, akajifunika uso kwa viganja vyake vyenye kucha za kijani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.